Baiskeli ya Mume Wetu

Jumapili, 2 Juni

Mwanangu anahama. Katangaza leo mezani, mdomo umejaa. Nyumba mpya, ina uwanja mbele na chumba cha chini chenye dirisha lake. Mkewe akaongeza, huku anafuta meza ambayo haikuwa chafu, kwamba hicho chumba wameamua kiwe cha bibi.

Hakusema bibi yupi.

Tatizo ndilo hilo. Mjukuu wangu ana bibi wawili. Mimi, niliyemzaa baba yake. Na Sista, aliyemzaa mama yake, nesi mstaafu ambaye mpaka leo akikupa mkono unahisi anakupima mapigo ya moyo. Mtoto ana miaka sita. Tangu azaliwe namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume. Sista naye anamwita mume wangu. Kwa hiyo tuna mume mmoja, mimi na yeye ni wake wenza, na mume mwenyewe bado anafungwa kamba za viatu. Nyumbani tunamwita Bwana Mdogo.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, hicho chumba ni cha bibi gani. Mwanangu akasema tutaongea Jumamosi, sote tukiwa kwenye nyumba mpya. Jumamosi hiyohiyo Bwana Mdogo atatolewa vigurudumu vya pembeni kwenye baiskeli yake, apande ya magurudumu mawili kama watu wazima. Baiskeli kanunuliwa na Sista. Sista hajawahi kulisema hilo hata siku moja. Anaiacha baiskeli iseme yenyewe, imeegemezwa pale sebuleni, nyekundu.

Wakamuuliza mtoto nani amshikie kiti siku hiyo asianguke. Akasema, bibi wa sindano. Sista amedunga watu sindano maisha yake yote. Mimi nashona nguo. Kila mmoja wetu akajinyoosha kitini.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimeshaelewa mchezo. Atakayeshika kile kiti ndiye ataonekana bado ana nguvu. Mwenye nguvu ndiye atakayepewa chumba, maana hakuna anayehamia nyumba mpya na mzigo. Mimi hapa nakaa vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Mashine yao inalia mchana kutwa kama mtu anayesaga meno. Wateja wamepungua tangu mkono uanze kutetemeka, mishono yangu inakwenda upande. Sista ana nyumba yake, ana pensheni, ana mdogo wake wa kike anayempigia simu kila mara aende wakakae pamoja. Chumba anakitaka cha nini?

Hakipati.

Jumatatu, 3 Juni

Mpango uko tayari. Vigurudumu nitavitoa mimi, kimyakimya, kabla ya Jumamosi. Jumanne na Alhamisi ndizo siku zangu za kumchukua Bwana Mdogo shuleni na kukaa naye mpaka mama yake atoke kazini. Leo na keshokutwa ni za Sista. Nitamfundisha katika siku zangu. Jumamosi nitamshika mbele ya watu wote, nitamwachia, atateleza kama sabuni kwenye sakafu. Watajionea wenyewe.

Kwanza spana. Nilikwenda kwa fundi baiskeli wa pale kona kuazima. Akaniambia nilete baiskeli. Nikamwambia ni ya cherehani. Akauliza cherehani gani inafunguliwa kwa spana kubwa namna hiyo. Nikamuuliza, anashona yeye au nashona mimi. Akarudi kwenye tairi lake. Spana sikupata. Nimeazima koleo kwa mzee wa duka la vioo, ambaye hakuuliza kitu kwa sababu hakunisikia vizuri. Kwanza alinipa rula.

Jioni nikafanya mazoezi ya kukimbia nimeinama. Nilishika kiti cha plastiki kwa nyuma, nikakisukuma mbio kwenye ujia. Mke wa mwenye duka akachungulia, akauliza kama amwite mtu. Nikamwambia nafagia. Akaangalia kiti. Akaniangalia mimi. Akafunga mlango taratibu, kama unavyomfungia mgonjwa.

Jumanne, 4 Juni

Siku yangu. Njiani kutoka shule Bwana Mdogo akaniuliza napenda rangi gani. Nikasimama palepale. Mtoto haulizi swali kama hilo bila kutumwa. Nikambana. Akasema ni siri yake na Bibi Sista, akafunga mdomo kwa mikono yote miwili.

Nikamsoma Sista mara moja. Anataka kujua nitavaa nini Jumamosi, avae rangi ileile, anifunike. Nikamwambia mtoto: kahawia. Kahawia naichukia. Nimeshona sare za shule za kahawia mpaka nikawa naziota. Acha Sista avae kahawia, afanane na kabati.

Tulipofika kwao, kazi. Koleo linateleza, linakamata, linateleza tena. Vidole vimechubuka. Kigurudumu cha kushoto kikatoka, cha kulia kikagoma. Bwana Mdogo hakuwa na subira, akapanda hivyohivyo. Baiskeli yenye kigurudumu upande mmoja inakwenda kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Akazunguka uwanja, akarudi alipoanzia, akazunguka tena. Akaniambia, Bibi, inajua njia moja tu.

Nikaogopa mama yake atatukuta. Nikataka kurudisha cha kushoto, nati ikaniponyoka, ikaviringika mpaka kwenye tundu la maji machafu. Niliisikia ikifika chini. Sikukata tamaa. Nimekifunga kigurudumu kwa uzi wa jinzi, nikauzungusha na kuuzungusha, nikapiga fundo la vifungo vya koti. Ukiangalia kutoka mbali utadhani kimetoka kiwandani.

Mama yake akaja. Baiskeli aliipita tu. Akaona vidole vyangu, akauliza nimefanya nini. Sindano, nikasema. Akavishika, akaviangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema Mama, hizi kazi sasa zinakuchosha, ungepata mahali pa kupumzika. Nikatoa mkono wangu. Tayari wananiona mzigo.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya Sista. Nilipita karibu na nyumba yao kwa bahati tu, kisha nikapita tena, na tena, mpaka muuza magazeti wa barabarani akaanza kunisalimia kama mwenyeji wa pale.

Nimewaona wakirudi kutoka mahali, wamechelewa. Bwana Mdogo ana madoa ya rangi kwenye shati la shule. Sista ana doa shavuni na jingine kwenye nywele. Kahawia.

Nimecheka mwenyewe njia nzima. Mwanamke kaamua kuitia nguo rangi kwa mikono yake. Kamshirikisha na mtoto. Ndivyo alivyo, akishika jambo haliachii, ndiyo maana mumewe alikufa akiwa amenyamaza.

Alhamisi, 6 Juni

Siku kubwa. Nitajaribu kuiandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilimfuata fundi baiskeli. Ovaroli yake ilikuwa imepasuka mahali ambapo mtu hapaswi kupasukiwa akiwa anainama kazini. Nikamshonea palepale, yeye kajifunga gunia. Akanipa spana mwenyewe, na nati juu yake, na habari za cherehani hakuzigusa tena.

Mchana tukafungua vigurudumu vyote viwili. Bwana Mdogo akapanda. Mikono yake kwenye usukani ilikuwa imekakamaa. Nikashika kiti kwa nyuma, nikakimbia nimeinama, pumzi inapiga filimbi, kandambili moja ikabaki njiani. Akasema Bibi usiniachie. Nikasema sikuachii. Alikwenda, akapinda, akanyooka. Alipogeuka kuniangalia nilikuwa nimesimama kule nyuma kwenye mti wa kuanikia nguo, nashika mbavu. Nikajua sasa anaanguka. Hakuanguka. Alicheka, akakanyaga pedeli, akafika mpaka kwenye geti na kurudi.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo. Vumbi lilikuwa jingi.

Kisha nikakumbuka kwamba hakuna aliyeona. Na likanijia jambo baya zaidi. Jumamosi atakayeanza kushika kiti ni Sista, maana baiskeli ni ya kwake. Mtoto sasa anajua. Sista atashika, ataachia, mtoto ataondoka kama mshale, na sifa zote zitakwenda kwa yule ambaye hata kandambili hakupoteza.

Nikamkalisha Bwana Mdogo. Nikamwambia, mume wangu, Jumamosi Bibi Sista akikushika, anguka kidogo. Mimi nikikushika, nenda. Akauliza, kuanguka kidogo ni kuanguka vipi. Nikamwonyesha kwa kiganja. Akauliza kama na kulia pia. Nikasema kidogo. Akauliza kama huo ni uongo. Nikasema ni maigizo, kama yale wanayofanya shuleni wazazi wakija.

Tukafanya mazoezi kwenye godoro. Anaanguka vizuri sana. Ana kipaji, na kazi akipewa anaifanya kwa moyo, hilo kalitoa upande wetu. Tukarudisha vigurudumu, safari hii kwa nati.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepiga pasi gauni la bluu. Nimeanza kufikiria pa kuweka cherehani kwenye kile chumba. Chini ya dirisha, upande wa kushoto, mwanga uingie juu ya bega. Kitanda ukutani. Wateja wataingia kwa mlango wa pembeni wasisumbue watu.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumba mpya ni nzuri. Uwanja una saruji mbele na nyasi pembeni. Chumba cha chini kimefungwa kwa ufunguo, mwanangu kautia mfukoni, akasema baada ya chai. Sista kavaa gauni la kijani. Kijani. Nikajua kuna kitu kimekwenda kombo, lakini sikupata muda wa kukifikiria.

Mwanangu akatoa vigurudumu. Mke wake akashika simu apige picha. Sista akanigeukia, akasema, "Mke mwenzangu, anza wewe. Mimi magoti haya hayana mbio tena."

Hapa ndipo pa kuangalia ujanja wa yule mwanamke. Ananipa mbele ya watu ili nikatae. Nikikubali, nitakuwa nimepewa na yeye. Nikakataa. Nikasema hapana, baiskeli ni yako, tangulia. Akasema kweli siwezi. Nikasema hata hatua chache tu. Tukabishana kwa heshima mpaka mwanangu akasema jamani, mtoto anangoja. Sista akashika kiti.

Aliachia mapema, pale kwenye saruji, kabla ya nyasi. Bwana Mdogo akanitazama kwanza. Nikatikisa kichwa, nilikuwa namaanisha ngoja afike kwenye nyasi. Yeye akaelewa ni sasa. Akaachia usukani, akainua mikono yote miwili, akajitupa. Sijawahi kuona mtu akianguka kwa juhudi namna ile.

Mkono ukatoa sauti.

Akalia, na haikuwa kidogo. Sista alikuwa wa kwanza kufika, na magoti yake yaleyale, akampasulia mkono wa shati, akatumia kitenge chake na rula ya mwanangu kuufunga ule mkono usitikisike. Mimi nilisimama. Bwana Mdogo akanitafuta katikati ya watu, kamasi mpaka kidevuni, akaniuliza:

"Bibi, nimeanguka vizuri?"

Mama yake akateremsha simu.

Nikasema mtoto ana homa, hajui anachosema. Mtoto akasema anajua. Akaeleza yote, kwa utaratibu: godoro, kiganja, maigizo. Mama yake akaniuliza kama ni kweli. Nikasema inategemea unaanzia wapi. Wakampeleka hospitali kwa gari la jirani, nafasi yangu haikuwepo. Nimerudi nyumbani kwa miguu na gauni langu la bluu. Kama Sista angeachia kwenye nyasi, kama nilivyopanga, yote haya yasingetokea.

Jumapili, 9 Juni

Mwanangu alikuja asubuhi, peke yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika magoti. Alipokuwa mdogo alikuwa anakaa hivyo akisubiri nimkatie suruali.

Mkono umevunjika mfupa mmoja, umefungwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Utapona.

Kisha akaniambia habari ya chumba. Nitaiandika kama alivyoisema, kwa sababu hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Chumba kilikuwa changu. Kilikuwa changu tangu siku walipoiona nyumba. Aliyewashauri ni Sista. Aliwaambia yule mama anakaa peke yake, mkono wake unatetemeka, mkimwambia mnamsaidia atakataa, kwa hiyo mwambieni siku ya furaha, mbele ya watu. Sista mwenyewe anahamia kwa mdogo wake. Tangu Jumatano alikuwa anakipaka rangi na Bwana Mdogo, kwa siri, rangi niliyoichagua mwenyewe. Walishaweka na meza ya cherehani chini ya dirisha.

Nikamuuliza upande gani. Akasema wa kushoto.

Sasa mtoto anahitaji mtu anayejua kazi ya wagonjwa, wamemwomba Sista aahirishe safari, akae pale chini mpaka plasta itoke. Baada ya hapo wataona. Mke wake anasema siyo kuanguka kunakomuuma, watoto wote wanaanguka. Kinachomuuma ni kwamba mtoto kafundishwa kudanganya, halafu nikamfanya mwongo akiwa kalala chini na mkono umevunjika. Anataka nimwombe radhi mtoto na nimwombe Sista. Basi. Hataki kingine.

Nikamwambia mwanangu kahawia siipendi. Akasema, Mama, ulisema mwenyewe. Nikamwambia nilikuwa nadanganya. Aliniangalia, akainuka, akanibusu kichwani, akaondoka.

Nimekaa nikafikiri. Kuta nne za kahawia. Na meza.

Jumatano, 12 Juni

Fundi baiskeli kaja kudai spana yake. Nimemuuliza ameionaje ovaroli. Akasema inambana. Hakuna shukrani duniani.

Jana ilikuwa siku yangu ya kumchukua Bwana Mdogo. Hakuna aliyeniambia nisiende, wala hakuna aliyeniambia niende. Nilivaa viatu, nikakaa navyo mpaka ukafika muda wa shule kufungwa na kupita. Kisha nikavivua.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda. Mwanangu alikuja kunichukua, akasema mtoto ananiulizia. Njiani nilijipanga. Mimi si mtu wa majivuno, neno pole linaweza kutoka kinywani mwangu, nimeshawahi kulisema kwa wateja.

Bwana Mdogo alikuwa kwenye ngazi. Plasta yake imejaa michoro, kila mtu kamchorea kitu. Akanionyesha sehemu tupu karibu na kiwiko, akasema nimekuachia wewe, Bibi. Nilimchorea cherehani, mkono ukatetemeka, ikatoka kama mbuzi. Akasema ni mbuzi mzuri. Nafasi yangu ni kubwa kuliko ya Sista. Nilipima kwa vidole alipokuwa anaangalia pembeni.

Sista akaniita chini nikaone chumba. Kitanda chake kimesogezwa mlangoni kabisa, kama cha mtu anayesubiri gari. Begi halijafunguliwa. Upande wa dirisha hajaweka kitu chochote, meza iko vilevile, safi. Akafunga mlango.

"Mke mwenzangu," akasema, "mimi hapa napita. Mdogo wangu kitanda ameshatandika. Sasa tukipanda juu kunywa chai, wewe sema pole, neno moja tu, mimi nitadakia hapohapo niseme yamekwisha. Kesho nafunga safari. Mkono wa mtoto nitakuwa nakuja kuuangalia."

"Na wewe unapata nini?" nikamuuliza.

"Napata kulala."

"Siyo hivyo tu."

"Kweli siyo hivyo tu," akasema. "Mume wetu anasema wewe ukikimbia nyuma ya baiskeli unapiga filimbi. Mimi sijui kupiga filimbi. Anataka wewe."

Karibu anipate. Kwa kweli nilishafungua mdomo, nimwambie palepale, bila chai. Lakini nimeishi mjini muda mrefu. Mtu hakupi chumba chenye dirisha, na meza, na mume, halafu akaridhika na usingizi. Akili ikaanza kufanya kazi. Kama anaihitaji sana ile pole, basi ina faida kwake. Nikiisema, itakuwa yeye ndiye aliyenipa chumba. Kila asubuhi nitaamka ndani ya wema wa Sista. Atakuja kuangalia mkono, atanywa chai yangu, atatazama kuta, hatasema kitu. Ataziacha ziseme zenyewe, kama ile baiskeli.

Tukapanda juu. Chai ikamiminwa. Mwanangu akaniangalia. Mke wake akaweka kikombe chini, akafuta meza ambayo haikuwa chafu, akangoja. Sista akakohoa kidogo kunipa nafasi. Bwana Mdogo alikuwa ananyonya biskuti kwa mkono wake mzima.

Nikasema sukari imepungua.

Wakanipa sukari. Nikamaliza kikombe. Mwanangu kanisindikiza mpaka mlangoni kwangu. Hakuingia. Alisimama kana kwamba ana la kusema, kisha akasema nipumzike.

Nimevua viatu, nimekaa. Yule mwanamke alidhani atanipata kirahisi hivyo, kwa maneno laini na mlango uliofungwa. Sasa atabaki mle chumbani atake asitake, na mdogo wake atachoka kusubiri.

Nimemshinda.